Alama za Mtutu: Jinsi ya Kuujua Umri wa Bunduki ya Marisau

Bunduki ya marisau ikitunzwa vema huishi kuliko bwana wake. Yule aliyeinunua hufa, mwanawe akairithi, naye akamwachia mjukuu. Na katika safari hiyo yote habari za asili yake hupotea. Mmoja atasema ya kwamba ilitengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wa pili atashikilia ya kwamba ilikuja baada ya Vita ya Pili, na wa tatu, ambaye nia yake ni kuiuza, ataongeza miaka hamsini ili bei ipande. Wasemao ni wengi, lakini shahidi wa kutegemewa ni mmoja, naye ni chuma chenyewe.

Chini ya mitutu ya bunduki nyingi zilizotengenezwa Ulaya zimo alama ndogo zilizopigwa kwa nyundo: mataji, herufi, tarakimu, na pengine simba au upanga. Mtu asiyezifahamu huzidhani kuwa ni mapambo ya fundi. Si mapambo. Kila moja ina maana yake, na zikisomwa pamoja humwambia msomaji bunduki ilijaribiwa katika nchi gani, katika miaka gani, na kwa baruti ya aina gani.

Jambo hili si la kuwafurahisha wapenda vitu vya kale peke yao. Ni jambo la mkono na la macho. Bunduki iliyotengenezwa kwa baruti nyeusi ikitiwa risasi ya siku hizi yaweza kupasuka, na mahali ipasukapo mara nyingi ni pale pale mkono wa kushoto unaposhika. Mtu ajuaye kusoma alama hukiona kitisho hicho kabla hakijamfikia. Asiyejua hukifahamu akiwa hospitali.

KWA NINI MITUTU ILIPIGWA CHAPA

Zamani mafundi wa bunduki walikuwa wa namna mbili, kama walivyo mafundi wa kazi yo yote. Wako walioufua mtutu kwa uangalifu, na wako walioficha ufa chini ya rangi na kuuza. Mnunuzi hakuwa na njia ya kuwatambua ila kwa kupiga bunduki yenyewe, na kama mtutu ulikuwa mbovu, yeye ndiye aliyelipa kwa vidole vyake.

Kwa sababu hiyo mwaka 1637 Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliwapa mafundi wa London hati ya kuunda chama chao, nacho kikapewa uwezo wa kuijaribu mitutu na kuipiga chapa. Mji wa Birmingham, ambao ulikuwa na mafundi wengi kupita mji mwingine wo wote wa Uingereza, ulipata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813. Sheria nyingine zikafuata mwaka 1855 na 1868, na kwa hizo ikawa ni kosa kuuza katika Uingereza bunduki isiyojaribiwa.

Jaribio lenyewe ni jepesi kulieleza. Mtutu hushindiliwa baruti na marisau kupita kiasi cha kawaida, hufungwa mahali pa salama, kisha hupigwa watu wakiwa mbali. Ukipasuka, hasara ni ya fundi. Ukisalimika, mkaguzi huutazama ndani na nje, na asipoona uvimbe wala ufa huupiga chapa. Basi zile alama ni ushahidi wa watu wasio na faida katika kuiuza bunduki ile, na ndiyo maana zina thamani kuliko maneno ya muuzaji. Na kwa kuwa kanuni za majaribio zilibadilishwa mara kwa mara, na kila zilipobadilishwa alama nazo zilibadilika, mtu azijuaye kanuni anaweza kuitaja miaka ambayo bunduki ilipita katika nyumba ile.

MAHALI PA KUTAZAMA

Kabla ya yote bunduki hufunguliwa na kuangaliwa ya kuwa haina risasi ndani. Desturi hii haina siku ya mapumziko, hata kama mwenyewe ameapa ya kwamba bunduki ni tupu. Bunduki nyingi zimeua watu zikiwa “tupu”.

Bunduki yenye mitutu miwili na kukunjika katikati hutenguliwa kwa kuondoa kipande cha mti kilicho chini ya mitutu, kisha mitutu yenyewe huinuliwa ikatoka katika ndoano yake. Ikigeuzwa juu chini, karibu na mahali pa kutilia risasi, zitaonekana sehemu mbili za bapa. Hapo ndipo zilipo alama. Alama nyingine hupigwa juu ya bapa za mtambo zinazokutana na zile za mitutu. Zikiwa zimejaa uchafu husafishwa kwa mafuta na kitambaa laini. Kuzikwaruza kwa msasa ni kuufuta ushahidi.

MAANA YA KUMI NA MBILI

Tarakimu inayoonekana zaidi ni 12. Wengi hulitaja neno hili wasijue lilikotoka. Zamani upana wa tundu la mtutu ulipimwa kwa risasi za duara za timazi. Ratili moja ya timazi ikigawanywa sawasawa katika risasi kumi na mbili za duara, na kila moja ikaingia barabara katika tundu la mtutu, bunduki hiyo ni ya namba 12. Ikigawanywa katika ishirini, ni namba 20, nayo ni nyembamba zaidi kwa kuwa risasi zake ni ndogo. Tundu la namba 12 lina upana wa sehemu 729 katika elfu za inchi, yaani karibu milimita 18 na nusu.

ALAMA ZA UINGEREZA KIPINDI KWA KIPINDI

Alama za kale za Birmingham zilikuwa fimbo mbili za enzi zilizopishana, taji juu yake, na herufi kati ya fimbo hizo: B, P na C katika alama ya jaribio, na V katika alama ya ukaguzi. Alama hizi zilitumika tangu 1813 hata 1904. Mwaka huo zikaja alama nyepesi zaidi: taji juu ya BP kwa jaribio, na taji juu ya BV kwa ukaguzi. Basi aonaye fimbo zilizopishana katika bunduki ya Birmingham, wala haoni alama mpya kando yake, anajua mara moja ya kuwa mtutu ule ulijaribiwa kabla ya 1904. London nao walitumia herufi G na P zilizosukwa pamoja chini ya taji, na herufi V chini ya taji.

Lakini alama hizo kubwa hutaja kipindi kirefu. Kinachopunguza kipindi ni zile alama ndogo za kando.

Katika miaka ya 1870 mafundi walianza kuubana mdomo wa mtutu kidogo ili marisau yasitawanyike upesi. Mtutu wa namna hiyo haukufaa kupigiwa risasi moja nzima ya duara, maana ingekwama mdomoni. Kwa hiyo tangu 1875 mitutu hiyo ilipigwa maneno ya Kiingereza NOT FOR BALL, yaani si ya risasi ya duara. Mwaka 1887 maneno hayo yaliachwa, na badala yake likawekwa neno moja, CHOKE, lenye maana ya kibano. Aonaye NOT FOR BALL basi ana bunduki ya kati ya 1875 na 1887, na hapo umri umekwisha kujulikana kwa tofauti ya miaka kumi na miwili tu.

Mwaka 1887 ulileta na alama nyingine, nayo ni umbo la almasi lenye tarakimu ya upana na herufi C ndani yake. Hiyo hutaja chumba cha risasi. Ikiwa herufi ni LC, chumba ni kirefu kuliko kawaida.

Kisha yakaja mageuzi makubwa kuliko yote, nayo ni ya baruti. Kwa mamia ya miaka watu hawakujua baruti nyingine ila ile nyeusi ya makaa, kiberiti na shura, itoayo moshi mwingi na masizi. Mwaka 1864 Mjerumani Schultze alitengeneza baruti ya mti uliotiwa dawa, na mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akaivumbua baruti isiyo na moshi iliyofaa bunduki za askari. Baruti hizi mpya zilikuwa na tabia yao. Nyeusi hutoa nguvu yake karibu yote mwanzoni mwa mtutu, penye chuma kinene. Mpya huendelea kusukuma mbele zaidi, ambako ukuta wa mtutu umefanywa mwembamba ili bunduki isiwe nzito. Mtutu ulioshinda jaribio la kwanza si lazima ushinde la pili.

Kwa ajili hiyo tangu 1896 mitutu iliyojaribiwa kwa baruti mpya ilipigwa maneno NITRO PROOF pamoja na uzito wa marisau usiofaa kupitwa, kwa mfano wakia 1⅛. Mwaka 1904 ikaongezwa alama maalumu ya herufi NP: ya Birmingham ilikuwa chini ya taji, na ya London ilikuwa chini ya mkono ulioshika upanga uliopinda. Herufi hizo mbili ndizo za kutafutwa kwanza na kila mtu anayeshika bunduki ya kale ya Kiingereza. Zikiwapo, mtutu ulipata kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Zisipokuwapo, wala maneno NITRO PROOF hayapo, bunduki hiyo ihesabiwe kuwa ya baruti nyeusi mpaka nyumba ya majaribio iseme vingine.

Kanuni za 1925 zikaongeza urefu wa chumba cha risasi kwa inchi, kama 2½. Wakati huo pia bunduki za kigeni zilizojaribiwa Uingereza zilianza kupigwa maneno NOT ENGLISH MAKE, yaani si kazi ya Kiingereza. Kanuni za 1954 zikaandika nguvu ya msukumo kwa tani katika inchi mraba, kwa mfano 3 TONS, pamoja na upana wa tundu kwa sehemu za elfu za inchi, kama .729. Birmingham ikaziunganisha herufi zake zikawa BNP chini ya taji. Tangu 1989 vipimo viliandikwa kwa milimita, na msukumo kwa kipimo cha bar. Aonaye neno TONS, basi, hana haja ya kubishana na mtu: mtutu huo haukupigwa chapa ile kabla ya 1954.

Nyumba ya Birmingham ilikuwa na siri moja zaidi. Tangu 1921 wakaguzi wake walipiga alama ndogo ya mikuki miwili yenye mashoka iliyopishana, na katika nafasi zake herufi ya mwaka. Herufi A ilianza mwaka huo wa 1921, B ikafuata, na kuendelea. Alama hii ni ndogo sana, na mara nyingi huhitaji kioo cha kukuzia, lakini ipatikanapo humaliza ubishi wote.

ALAMA ZA LIÈGE

Bunduki nyingi zilizoenea duniani zilitoka mji wa Liège katika Ubelgiji, wenye nyumba ya majaribio iliyoanzishwa tangu 1672. Alama yake ijulikanayo ni herufi ELG ndani ya duara refu kama yai. Ikiwa duara hilo halina taji juu yake, bunduki ni ya kabla ya 1893. Likiwa na taji, ni ya mwaka huo au baadaye. Simba juu ya herufi PV ni alama ya kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Na tangu 1922 Wabelgiji walianza kupiga herufi ndogo ya mwaka, “a” ikiwa ya 1922.

Alama ya ELG imewaumbua wadanganyifu wengi. Katika karne ya 19 palikuwa na wafanyi biashara walioagiza bunduki za bei nafuu kutoka Ubelgiji na kuziandika majina yafananayo na majina makubwa ya Uingereza. Jina W. Richards liliandikwa juu ya bunduki nyingi za namna hiyo, ili mnunuzi apitiwe na kudhani amepata kazi ya Westley Richards wa Birmingham. Juu ya mtutu jina lilidanganya. Chini ya mtutu ELG ilisema kweli.

Kwa watu wa Afrika Mashariki mji wa Liège na mji wa Birmingham si majina ya mbali. Magobore na magumegume yaliyopita katika bandari ya Unguja katika karne ya 19 na kupandishwa bara pamoja na misafara mengi yalikuwa kazi ya mafundi wa Ulaya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza kupeleka bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Ndiyo sababu moja ya bunduki za namna ya kale kuendelea kuonekana bara katika siku ambazo Ulaya zilikuwa zimekwisha kusahauliwa.

UJERUMANI NA MAREKANI

Wajerumani waliweka sheria ya majaribio mwaka 1891, nayo ikaanza kutumika 1893. Alama zao ni tai na mataji yenye herufi chini yake: S kwa mtutu wa marisau, W kwa mtutu uliobanwa mdomoni, na N kwa baruti mpya. Lakini wema wao mkubwa kwa mtafuta umri ni kwamba bunduki nyingi za Suhl na Zella-Mehlis za miaka ya 1920 na 1930 zilipigwa mwezi na mwaka wa jaribio kwa tarakimu tupu. Aonaye 5.26 asome Mei 1926, wala asitafute zaidi.

Marekani haikuwa na nyumba za majaribio za serikali kama za Ulaya. Huko kila kiwanda kilijaribu bunduki zake na kuzitia alama zake. Kiwanda cha Remington, ambacho asili yake ni ya mwaka 1816, kilianza katika mwaka 1921 kupiga herufi za tarehe ubavuni mwa mtutu, upande wa kushoto, karibu na mtambo. Herufi ya kwanza ni ya mwezi, na ya pili ni ya mwaka. Ili mafundi wasisahau herufi za miezi, yalichaguliwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya baruti nyeusi, BLACK POWDER, na mwishoni ikaongezwa X ili zipatikane herufi kumi na mbili. B ni Januari, L ni Februari, A ni Machi, na kuendelea mpaka X ambayo ni Desemba. Herufi ya mwaka ilianza na M kwa 1921 na N kwa 1922. Basi mtutu wenye K na N ulitengenezwa Mei 1922.

JINA NA ANWANI YA FUNDI

Juu ya mitutu, katika ule ubapa mwembamba unaoiunganisha, mafundi wakubwa waliandika majina na anwani zao, na hayo nayo ni saa ya namna yake. Nyumba ya Purdey ilikuwa 314½ Oxford Street, London, tangu 1826 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha ikahamia South Audley Street. Kwa hiyo bunduki ya Purdey yenye anwani ya Oxford Street haiwezi kuwa ya karne ya 20. Kadhalika jina Holland & Holland lilianza kutumika 1876; kabla ya hapo mwenyewe aliandika H. Holland peke yake. Mtambo usio na nyundo za nje uliovumbuliwa na Anson na Deeley katika kiwanda cha Westley Richards ulipata hati yake mwaka 1875, basi bunduki yo yote yenye mtambo huo ni ya mwaka huo au baada yake.

Chuma chenyewe pia husema. Mitutu ya kale iliyoitwa ya Dameski ilifanywa kwa kusuka fito za chuma na chuma cha pua, kuzizungusha juu ya fimbo na kuziunganisha kwa moto na nyundo, nayo huonyesha mawimbi mazuri kama ya kitambaa cha hariri. Baadaye chuma cha pua kitupu kilishinda. Mitutu ya chuma kilichoshindiliwa kwa njia ya Joseph Whitworth ilipigwa alama ya mganda wa ngano, na mafundi wakubwa wa London waliipenda.

Zaidi ya hayo kuna namba ya bunduki. Nyumba kubwa kama Purdey, Holland & Holland na Westley Richards zilitunza vitabu vya kazi zao, na namba ikilinganishwa na kitabu hutoa mwaka wenyewe.

MFANO WA KUSOMA

Na tuseme imeonekana bunduki ya mitutu miwili isiyo na jina la fundi mashuhuri. Chini ya mitutu pana taji juu ya BP, taji juu ya BV, na taji juu ya NP. Pana almasi yenye 12 na C. Pana neno CHOKE, pana wakia 1⅛, na pana 2½. Neno TONS halipo.

Msomaji wa alama huanza hivi. B ni ya Birmingham. Taji juu ya BP badala ya fimbo zilizopishana huonyesha ya kuwa ni baada ya 1904. NP huonyesha ya kuwa ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Urefu wa chumba, inchi 2½, haukuandikwa kabla ya 1925. Na tani, ambazo hazipo, zilianza 1954. Basi bunduki ilijaribiwa kati ya 1925 na 1954. Ikiwa ile mikuki iliyopishana nayo itaonekana chini ya kioo, herufi yake itautaja mwaka. Yule aliyesema ya kwamba bunduki hii ilikuwa ya babu wa babu yake alikosea. Na yule aliyetaka kuiuza kuwa ni kazi ya karne ya 19 hakukosea, bali alidanganya.

ALAMA ZIPOTEZAPO NJIA

Hata hivyo shahidi mwema naye huulizwa maswali. Alama za mtutu hutaja umri wa jaribio la mtutu, si lazima umri wa bunduki nzima. Bunduki ya 1880 yaweza kuwa ilirudishwa Birmingham mwaka 1960 ikajaribiwa upya. Alama mpya hukaa kando ya zile za kale, na asomaye haraka huiona mpya tu. Pengine mitutu ya kale ilichakaa, mwenyewe akaagiza mingine. Pengine mitutu ilikatwa na kutiwa mirija mipya, nayo ikapigwa neno SLEEVED. Katika bunduki za Remington za kuvuta kwa mkono mtutu waweza kuondolewa na kuwekwa mwingine kwa dakika chache, hata mtutu wa mwaka mmoja ukaoa mtambo wa mwaka mwingine. Kwa hiyo namba iliyo juu ya mitutu hulinganishwa na ile ya mtambo. Zisipopatana, kuna kisa.

HATARI TATU

Ya kwanza imekwisha kutajwa, yaani risasi za kisasa katika mtutu wa baruti nyeusi.

Ya pili huwanasa hata watu waangalifu, nayo ni urefu wa chumba. Bunduki nyingi za kale za Kiingereza zina chumba cha inchi 2½, na risasi nyingi za siku hizi ni za inchi 2¾. Mtu huitia risasi ndefu, ikaingia bila taabu, naye akadhani inafaa. Sababu ya kuingia ni kwamba urefu wa risasi huhesabiwa baada ya kupigwa, mdomo wake uliokunjwa ukiwa umefunguka. Ndani ya chumba kifupi mdomo huo hufungukia penye njia inayopungua upana, ukaibana njia ya marisau, na msukumo ukapanda kupita kiasi. Kuingia si kufaa.

Ya tatu ni uzee wenyewe. Alama husema mtutu ulikuwa mzima siku ile ulipojaribiwa. Haisemi habari za kutu ya miaka sitini iliyofuata. Kutu huondolewa kwa kusugua, na kila kusugua hupunguza ukuta wa mtutu. Kwa kanuni za 1954 tundu likipanuka sehemu kumi katika elfu za inchi kupita kipimo kilichopigwa, jaribio la kwanza halina nguvu tena, na bunduki haifai kuuzwa mpaka ijaribiwe upya. Sehemu kumi katika elfu ni unene wa karatasi mbili tatu. Jicho haliwezi kuuona. Chombo cha fundi hukiona. Kwa hiyo asomaye alama hafanyi kazi ya fundi. Yeye hujua tu wakati gani wa kumwendea.

NENO KWA WARITHI

Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na bunduki nyingi za marisau zilizokuwa za mashambani zilitoka mabegani zikaingia makabatini. Wazee waliozijua wamekufa au wanakufa, na wana wao hufungua sanduku wakakuta chuma wasichokijua. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti, na cheti cha marehemu hakirithiwi pamoja na ng’ombe wake. Arithiye bunduki hana budi kupeleka habari kwa polisi upesi, wala asiichukue kuijaribu nyuma ya nyumba kwanza.

Ila kabla haijaondoka, na kwa idhini ya wenye mamlaka, si vibaya alama zake zinakiliwe katika karatasi: mataji, herufi, tarakimu na maneno, kila moja kama ilivyo na mahali pake. Bunduki ikichukuliwa au ikiharibiwa, habari zake zitabaki katika ukoo. Na kama siku moja itatokea mtu kusema ya kwamba ilikuwa salama kwa risasi zo zote, ile karatasi itamjibu. Fundi aliyezipiga chapa hizo huko Birmingham au Liège hakumjua mtu wa Nyeri wala wa Kisumu, lakini alizipiga kwa kusudi moja tu: kwamba yo yote atakayeishika bunduki ile, awe wa taifa gani na wa zama gani, asipoteze mkono wake kwa kutojua.